Kichwa cha Fundi Rangi

Fundi rangi asahauye alipoweka brashi yake, na jioni akawakasirikia watoto bila sababu, huambiwa kuwa ni mlevi au mvivu. Sisi twasema, kabla ya kumhukumu, na tuulize kwanza amevuta hewa gani tangu asubuhi.

Tina, petroli na tapentaini ni viyeyusho. Kazi yake ni kuyeyusha mafuta, na ubongo wa binadamu umejaa mafuta. Mvuke wake huingia kwa pumzi, hupita katika damu, ukafika kichwani. Kwa siku moja huleta kizunguzungu, nacho hupita mtu apatapo hewa safi. Kwa miaka mingi huleta mengine: usahaulifu, kushindwa kutuliza akili katika jambo moja, uchovu, huzuni na hasira. Madhara hayo yakikomaa, hayaponi kabisa.

Haya si maneno ya kubuni. Madaktari wa Skandinavia waliyaeleza kwa wapiga rangi katika miaka ya 1970, na Denmark ikayakubali kuwa ugonjwa wa kazi mwaka 1976. Uholanzi nayo, kuanzia mwaka 2000, iliwataka mafundi wafanyao kazi ndani ya nyumba watumie rangi zenye viyeyusho vichache. Hawakungoja fundi awe mwangalifu. Walipunguza sumu ndani ya kopo.

Hapa kwetu kijana wa gereji hupuliza rangi ya gari akiwa amefunga kitambaa puani, kisha hunawa mikono kwa tina. Jioni hupewa maziwa, eti yasafishe kifua. Maziwa ni chakula chema, lakini hayautoi mvuke uliokwisha ingia damuni. Na kitambaa huzuia vumbi tu.

Sheria Na. 5 ya mwaka 2003 yamtaka mwajiri alinde afya ya watu wake, na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 yatambua maradhi yatokanayo na kazi, si ajali peke yake. Lakini mkono uliokatika huonekana. Kumbukumbu iliyopotea haionekani, na mwenye mali hapendi kuilipia. Kwa hiyo matawi ya vyama vya wafanyakazi hayana budi kudai rangi ya maji kila inapofaa, madirisha yaliyo wazi, na barakoa zenye chujio la mkaa. Na mfanyakazi aendapo hospitali amweleze daktari kazi yake na miaka aliyoifanya, asije akapewa vidonge vya kichwa na kurudishwa kwenye kopo lile lile.