Bwana Afya Naye Ameitwa

Mzazi wa Mogitu akiulizwa mwanawe asomee nini, atataja udaktari au ualimu. Bwana afya hakumbukwi. Lakini matope ya Mlima Hanang yalipoporomokea Katesh na vijiji jirani, tarehe 3 Desemba 2023, walionusurika walihitaji upesi maji salama na vyoo, kipindupindu kisije kikaongeza misiba.

Hiyo ndiyo kazi ya afisa afya mazingira: kupima maji, kukagua vyoo na machinjio, kuzuia ugonjwa kabla haujafika zahanati. Papa Fransisko, katika Laudato Si' (2015), anafundisha kwamba maji salama ni haki ya msingi ya kila binadamu.

Basi wazazi, kijana anayeipenda fani hii msimcheke kuwa ni "mkagua vyoo". Nasi waseminari, tunapoombea miito, tuutaje na huu.