Vakansi ya kijijini: makuta yanaishia wapi?

BUKAVU – Shule zikifunga mwanzoni mwa Julai, wiki haiishi kabla mazungumzo ya nyumbani kule Kadutu, Bagira na Panzi hayajageuka kuwa moja: watoto waende vakansi kijijini ama wabaki? Watoto wanataka. Koko amekwisha kutuma salamu mara tatu kwa watu wanaoshuka sokoni. Mama naye anataka, lakini anahesabu. Baba ananyamaza, kwa sababu anajua Septemba haiko mbali, na Septemba ni daftari, viatu, yunifomu, na minervale ya wale walio sekondari. Masomo ya msingi kwenye shule za Serikali yalitangazwa kuwa bila malipo tangu 2019, lakini mtoto akishavuka hapo mzazi anarudi kulipa.

Mwaka huu swali limekuwa zito kuliko zamani. Tangu Goma na Bukavu kuangukia mikononi mwa M23 mwanzoni mwa 2025, benki zilifungwa, kazi nyingi zikapotea, na aliyekuwa na dola 100 ndani ya nyumba alijifunza kuzilinda kama dawa. Kwa hiyo wako wanaosema wazi kwamba kupeleka familia nzima kijijini ni ujinga wa watu wa mjini: unatumia pesa ya miezi mitatu kwa ajili ya siku kumi, unarudi na mkungu wa ndizi na deni. Wanaosema hivyo si watu wabaya, na sehemu moja ya hesabu yao ni ya kweli. Shida ni kwamba wanailaumu safari, na hawaangalii pesa imeishia wapi.

Chukua familia ya watu saba inayotoka Bukavu kwenda Idjwi, upande wa kusini. Hesabu hii ni ya mfano tu, bei zinapanda na kushuka, lakini kila mzazi aliyewahi kuifanya safari hiyo ataitambua sura yake. Tuseme boti, kwenda na kurudi, dola 50 kwa wote, maana wadogo wanapakatwa ama wanalipiwa nusu. Mizigo dola 10. Motari wa kupandisha watu na mifuko mlimani, dola 15. Jumla ya njia ni 75. Sasa yanakuja yale mengine. Nguo mpya za watoto ili wasionekane wachafu mbele ya binamu zao, 80. Vikwembe vya koko na mashangazi, 60. Chumvi, sabuni, sukari na mchele, 40. Kaziye za bia na soda za siku ya kufika, 50. Noti za kuweka mkononi mwa kila mjomba anayekuja kusalimia, 45. Hiyo ni 275. Familia imetumia dola 350, na katika hizo, njia yenyewe haikufika hata robo.

Hapo ndipo ubishi unapaswa kuanzia. Kinachofilisi nyumba ni aibu ya kufika mikono mitupu, na hofu ya kusikia wanakijiji wakisema fulani ameshindwa na mji. Mjomba anayengoja noti hajui kwamba mpwa wake wa Kadutu ana miezi minne hajalipwa. Hajui kwa sababu mpwa hamwambii. Anavaa shati jipya, ananunua kaziye, anacheka, na akirudi Bukavu anakwenda kuomba mkopo AVEC, mkopo unaorudishwa na faida juu yake. Mwezi wa tisa ukifika, mtoto anafukuzwa darasani kwa minervale.

Chumvi na sabuni ziende. Hizo ni heshima, na koko anazihitaji kweli. Kikwembe kimoja cha koko pia, kama kuna uwezo. Lakini nguo mpya za watoto wanaokwenda kuchota maji na kupanda miti ya maembe? Zitarudi zimechanika. Na kaziye ya bia inakwisha saa moja, ikinywewa zaidi na watu ambao mzee mwenye nyumba hata hakuwaita. Familia ikiondoa hayo mawili tu katika hesabu ya juu, dola 130 zinabaki mfukoni. Mtu akiuliza kaziye iko wapi, aambiwe ukweli: vita imekula kazi. Kijijini nako vita wanaijua.

Baada ya kupunguza, swali linabaki: hizo nyingine zina faida gani? Wengine watajibu kwamba watoto watapumzika, watakula sambaza zilizotoka majini usiku uleule, watakula nanasi za Idjwi mpaka midomo iwashe, na watasikia Kihavu kikisemwa siku nzima badala ya Kiswahili kilichochanganywa na Kifaransa. Yote hayo ni mazuri. Lakini kama ni kupumzika tu, mtu angeweza kuwapeleka watoto Jumapili moja kando ya ziwa hapahapa mjini, akanunua fanta na kupiga picha, jioni wakarudi kulala kwao.

Faida kubwa ni shamba. Hili halisemwi sana, labda kwa sababu kulisema ni kama kumwombea mzee kifo. Sehemu kubwa ya mashamba ya vijiji vya Kivu haina karatasi. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 ilisema udongo ni mali ya Serikali, na kuhusu ardhi zinazokaliwa kwa mila ikaahidi kwamba agizo la Rais litakuja kueleza haki za wenyeji. Kwa miaka mingi agizo hilo halikutoka. Ndiyo maana mpaka leo cheti cha mwanakijiji ni watu: jirani wa juu, jirani wa chini, na mzee aliyekuwepo siku miti ya mpaka ilipopandwa. Watu hao wanazeeka. Wanakufa. Na juu ya kisiwa kama Idjwi, ambapo watu ni wengi na vipande vya shamba ni vidogo, mpaka unaweza kusogea hatua mbili kila mwaka bila mtu kupiga kelele.

Familia isiyoonekana kijijini miaka kumi inarudi siku ya matanga na kukuta hadithi mpya. Binamu anasema babu alimgawia yeye. Jirani anasema alinunua, na shahidi wake yupo pale amekaa. Mtoto wa mjini, mwenye diploma yake, hawezi kujibu, kwa sababu hajui hata kijito kinachopita chini ya shamba kinaitwaje. Kesi inapelekwa kwa shefu wa kijiji, inapanda kwa mwami, pengine inafika mahakamani Bukavu, na kila ngazi ina gharama zake. Ukiweka dola 75 za boti na motari kando ya kesi hiyo, vakansi inaonekana rahisi sana.

Lakini safari yenyewe haitoshi kama watoto wanashinda uani wakicheza na simu ya mama. Koko ama mjomba awatembeze. Wapite mpaka mzima kwa miguu, waoneshwe miti, waambiwe kipande hiki kilitoka kwa nani na kile kilibadilishwa kwa mbuzi mwaka gani. Wasalimie majirani nyumba kwa nyumba, waseme majina yao na jina la babu yao. Asubuhi mbili zinatosha. Jirani akimwona kijana amesimama kwenye mpaka pamoja na babu yake, amekwisha kuwa shahidi, apende asipende.

Na wasichana waende. Familia nyingi zikitaka kupunguza gharama, anayebaki kulinda nyumba ni binti mkubwa, kwa sababu kufuatana na mila yeye ataolewa na shamba halimhusu. Kanuni ya familia ya 1987, iliyorekebishwa 2016, haiko hivyo: watoto wa marehemu ni warithi wa kwanza, na sheria haimtengi msichana na mvulana. Ni kweli kwamba kijijini sheria hiyo hufika imechoka. Lakini binti asiyejua mpaka hana hata mahali pa kuanzia ubishi. Kama ni lazima mmoja abaki, basi abaki baba. Yeye mpaka anaujua tayari.

Kuna sehemu moja ambayo mzazi asijaribu kupunguza pesa hata kidogo: boti. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova ilizama karibu na Kituku, Goma, watu wa nchi kavu wakiiona kwa macho. Ilikuwa imejaa kupita kiasi. Waliokuwa ndani wengi hawakuwa na njia nyingine, kwa sababu barabara ya Minova, Sake mpaka Goma ilikuwa imefungwa na vita. Familia inayokwenda vakansi haina sababu hiyo. Inaweza kungoja boti ya kesho. Mtu atakayelipa dola mbili zaidi ili kila mtoto avae jile ya kuokoa, na jile imfae kwa kipimo, hajaibiwa. Na mwenye boti akianza kuongeza magunia juu ya viti wakati watu wamekwisha kukaa, mama ashuke na watoto wake, hata kama wenzake watamcheka. Wiki ya mwisho ya Agosti vyombo vinajaa kwa sababu wote wanarudi pamoja. Anayeweza kurudi siku kumi mapema arudi, atapata hata muda wa kufua yunifomu.

Juu ya deni, neno ni fupi. Safari ya kijijini isifanywe kwa mkopo, wala kwa pesa ya likelemba iliyowekwa kwa ajili ya minervale. Kama zamu ya likelemba haijafika, waende watu watatu badala ya saba: mama na watoto wawili mwaka huu, wengine mwaka kesho. Koko hatakasirika. Koko anataka kuona sura, na sura mbili zikikaa wiki tatu zinamtosha kuliko saba zikikaa siku nne. Tena wanaokaa muda mrefu ndio wanaofika shambani.

Haya yote ni maneno ya mtu ambaye kijiji chake bado kinaingilika. Maelfu ya familia zinazosikiliza redio mjini humu na kule Goma hazina uchaguzi huo. Zilitoka Masisi, Rutshuru, milima ya Kalehe, zikakaa Bulengo, Lushagala ama ndani ya nyumba za watu waliowapokea. Mwanzoni mwa 2025 kambi za pembeni ya Goma zilipotakiwa kuondoka, wengine walirudi kwao na kukuta nyumba imeungua, wengine wakakuta shamba linalimwa na mtu wasiyemjua. Wengine hawajathubutu kurudi mpaka leo. Kwao neno vakansi kijijini linachoma, na si ajabu mtoto wa mkimbizi kunyamaza darasani mwalimu akitoa insha juu ya likizo kwa babu na bibi.

Hata hivyo hamu ya kwenda kuona ipo, na ikifika Julai inakuwa kali zaidi kwa sababu watoto hawako shule. Hapa maoni yanageuka: familia nzima isiende. Safari ya kwanza ni ya mtu mzima mmoja, na kabla hajatoka aulize waliotoka huko wiki hiyohiyo, wale mama wanaoleta maharagwe sokoni, maana hali ya mwezi uliopita si hali ya leo. Vizuizi vya njiani vinakula pesa, na hakuna anayeweza kuahidi ni vingapi. Kubwa kuliko pesa ni mabomu yaliyobaki chini pale watu walipopigania, kama huko Sake na Masisi. Mtu mzima akiona chuma asichokijua anakizunguka. Mtoto anakiokota. Ukiwa na mtoto wa miaka minane, hakuna shamba linalostahili safari hiyo kwa sasa.

Lakini ile kazi ya shamba inaweza kufanyika bila kusafiri, na hapa familia nyingi zinapoteza muda wa Julai na Agosti. Mzee amekaa mlangoni mwa nyumba ya kupanga, kichwa chake kimejaa mipaka, na hakuna anayemuuliza. Kijana wa sekondari achukue daftari. Aandike jina la kijiji na la shefu, majina ya majirani wa pande zote nne, jina la kijito, aina ya miti iliyo mpakani, nani alimpa babu, mbele ya nani, na mwaka kama unakumbukwa. Achore, hata kama mchoro ni mbaya. Mama asikilize na kusahihisha, maana mara nyingi yeye ndiye aliyekuwa akilima na anajua mahali jiwe lilipo. Kama kuna jirani wa zamani aliyekimbilia kartye nyingine, aitwe, asome, aweke sahihi ama alama ya kidole. Karatasi hiyo haitakuwa hati ya Serikali. Siku ya kubishana itakuwa kitu cha kuweka mezani mbele ya wasio na kitu.

Na ziandikwe nakala mbili, moja ibaki kwa shangazi ama parokiani. Waliokimbia mara mbili wanajua ni vitu gani vinavyopotea njiani.