Simu Iwe Mkononi mwa Mwalimu

Walimu wa shule za msingi wa Thika na Ruiru, nanyi wazazi mnaowakabidhi watoto wenu kila alfajiri, neno langu la leo ni kwenu. Mitandao ya kijamii imekwisha kuingia shuleni, tupende tusipende. Iliingia kwa kishindo Machi 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya korona na watoto wengi wakakaa nyumbani hadi Januari 2021. Miezi hiyo, mwalimu mwenye bando alituma mazoezi kwa WhatsApp, naye mzazi akapiga picha daftari na kuirudisha isahihishwe. Shule zikafunguliwa, lakini makundi yale hayakufungwa. Sasa ni juu yetu kuamua nani ashike simu, na aifanyie nini.

Mimi nasema simu ishikwe na mwalimu, na faida yake ionekane darasani mbele ya watoto wote. Tunayoyaona leo ni kinyume. Saa mbili usiku ujumbe unaingia kundini: kesho kila mtoto aje na picha za wanyama wa kufugwa, zilizochapishwa kwa rangi. Mzazi wa nyumba za ghorofa pale Ruiru anateremka saiba, analipa, mambo yamekwisha. Mzazi wa mtaa wa mabanda wa Kiandutu mwenye mulika mwizi, simu isiyo na intaneti, hana habari. Asubuhi mwanawe anafika mikono mitupu na kuitwa mzembe. Mtoto huyo ameadhibiwa kwa kosa gani, kama si uduni wa simu ya mamake?

Serikali nayo iliahidi mwaka 2013 kumpa kila mtoto wa darasa la kwanza kipakatalishi. Vilivyokuja ni vishikwambi, vikaanza kusambazwa mwaka 2016, na Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta hapa Juja, njiani kati ya Thika na Ruiru, kikawa miongoni mwa waliopewa kandarasi. Si shule chache zilizoishia kuvifungia kabatini. Kwa hiyo tusingoje chombo kingine kutoka Nairobi. Tuanze na simu ambayo mwalimu anayo tayari mfukoni.

Itumikeje? Thika ina mashamba ya mananasi. Ruiru ina kituo cha utafiti wa kahawa, ilikozaliwa aina ya kahawa iitwayo Ruiru 11. Watoto wa Gredi ya Tano Thika na watunge maswali matano kuhusu kahawa: inachumwa lini, huugua nini, kwa nini mibuni mingine imeng'olewa nyumba zikajengwa. Mtoto mmoja ayasome, mwalimu arekodi sauti na kuituma kwa mwalimu mwenzake Ruiru. Watoto wa huko waende kwa wakulima na wazee, kisha wajibu kwa Kiswahili sanifu, nao waulize yao kuhusu mananasi. Spika ndogo mezani yatosha darasa zima kusikia, na kila mtoto atasikia sawa na mwenzake, awe wa ghorofani au wa kibandani.

Wapo watakaosema mtoto akililia wembe, mpe. Wembe hukata kidole, na kidole hupona. Picha ikishasambazwa haina wa kuirudisha. WhatsApp, Facebook na TikTok zenyewe zimeweka miaka 13 kuwa umri wa chini wa mtumiaji, na watoto wetu wengi wa shule ya msingi hawajaufikia. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto. Shule moja ya Uthiru ilitozwa faini ya zaidi ya shilingi milioni 4.5 Septemba 2023 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini hiyo. Mwalimu anayeweka video ya darasa TikTok ili apate wafuasi na alijue hilo.

Basi nawasihi. Mwalimu, tuma sauti na kazi za mikono za watoto, si nyuso zao wala majina yao, na usiagize kundini jambo ambalo hukulisema darasani. Mwalimu mkuu, bando la somo lisitoke kwenye mshahara wa mwalimu. Liingie katika bajeti ya shule kama chaki. Mzazi, kundi la darasa si uwanja wa siasa wala duka la mitumba. Na ukiona jirani yako hana simu ya intaneti, mgongee mlango umpe habari. Mtandao utakuwa wa elimu siku ambayo mtoto asiye na simu nyumbani hatapungukiwa na somo hata moja.