GHARAMA YA MAENDELEO YALIPWA NA NANI?

Ndugu wafanyakazi,

Kila siku twaambiwa nchi inaendelea. Vema, lakini gharama yake yalipwa na nani?

Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda kiliyeyusha madini ya risasi ya betri kuukuu tangu 2007. Faida ilikwenda kwa tajiri; sumu iliingia katika damu ya watoto na ya wafanyakazi. Mwaka 2020 korti iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Rufani zikawazungusha mpaka Desemba 2024.

Nasi tangu Oktoba 2024 twakatwa shilingi 2.75 katika kila mia ya mshahara kwa ajili ya matibabu. Twakubali kumsaidia mgonjwa. Hatukubali kulipia moshi wa tajiri. Achafuaye na alipe!

Umoja ni nguvu.