Kamera yapima uso kwa usahihi, kigezo bado cha ugenini

MILIMITA moja si kitu kwa fundi cherehani, lakini katika mdomo wa mtoto mchanga inatosha kuonyesha iwapo mshono wa daktari umekaa sawa au umevuta upande mmoja.

Ndiyo sababu madaktari wanaowatibu watoto waliozaliwa na mpasuko wa mdomo, hali ambayo wengi huiita mdomo sungura na ambayo duniani humpata takriban mtoto mmoja kati ya 700, wamevutiwa na upimaji wa uso kwa picha za pande tatu.

Kwa miongo mingi uso ulipimwa kwa kalipa. Chombo hicho hakina tatizo kubwa juu ya mfupa. Tatizo lake ni nyama laini. Shavu likiguswa hubonyea, mdomo ukiguswa hujikunja, na mtoto wa mwaka mmoja hawezi kuketi kimya akisubiri vipimo ishirini. Eksirei huonyesha mfupa vizuri, lakini nyama laini huionyesha kama kivuli tu. CT-Scan huonyesha pande zote, ila kwa mionzi ambayo hakuna daktari makini angependa kuirudia kila mwaka kwa mtoto anayekua.

Mitambo ya picha za pande tatu, kama ile ya 3dMD na Vectra, hutumia kamera kadhaa zilizopangwa kwa pembe zinazojulikana, ambazo hupiga picha kwa pamoja katika sehemu ndogo sana ya sekunde. Kompyuta hutafuta alama ileile ya ngozi katika kila picha na kukokotoa mahali ilipo, kama macho mawili yanavyokadiria umbali wa embe mtini. Matokeo yake ni sura kamili inayoweza kuzungushwa na kupimwa hata mtoto akiwa amekwisharudi nyumbani.

Tafiti nyingi zilizolinganisha vipimo hivyo na vya kalipa zimeonyesha tofauti isiyofikia milimita moja kwa sehemu kubwa ya uso. Hapo mashine haina deni.

Hata hivyo, mashine haifanyi kazi peke yake. Nywele, ndevu, tundu za pua na nyuma ya sikio huisumbua. Tabasamu dogo husogeza pembe za mdomo kuliko kosa lolote la kamera. Aidha, lazima mtu aweke alama za kupimia. Kona ya jicho haina ubishi, lakini kona ya taya hutafutwa kwa kidole juu ya mfupa, na picha haina mfupa wa kupapaswa.

Suala zito zaidi ni kipimo hicho kilinganishwe na nini. Pua yenye upana wa milimita 40 ni pana kwa nani?

Mtaalamu aliyejulikana zaidi katika fani hii, Leslie Farkas wa Toronto, Kanada, aliongoza utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2005. Kati ya watu 1,470 waliopimwa, 780 walitoka Ulaya na 210 tu walikuwa wenye asili ya Afrika. Wote walikuwa na umri wa miaka 18 hadi 30; hapakuwa na mtoto. Hazina ya Marekani ya vipimo vya uso kwa picha za pande tatu, iliyotangazwa mwaka 2016 chini ya mradi wa FaceBase, ina watu 2,454 wa umri wa miaka 3 hadi 40, lakini wote ni wenye asili ya Ulaya.

Tanzania haikuachwa nje kabisa. Mwaka 2014 watafiti walichapisha ulinganisho wa nyuso za watoto wa Kitanzania wenye mpasuko na wasio nao. Mwaka 2016 jarida la PLoS Genetics lilitoa utafiti uliotumia picha za pande tatu za watoto zaidi ya 3,000 wa Mwanza, na ukahusisha jeni mbili, SCHIP1 na PDE8A, na ukubwa na umbo la uso.

Hiyo ni kazi kubwa, lakini ilitafuta jeni. Daktari wa upasuaji anahitaji kitu cha kawaida zaidi: jedwali linaloonyesha wastani wa mdomo na pua kwa kila umri, kwa wavulana na wasichana, ambalo angeliweka mezani kwake. Na hata jedwali la Mwanza lisingetosha kwa nchi yenye makabila zaidi ya 120. Sura za Pemba si lazima zilingane na za Manyara.

Kikwazo kimekuwa bei, kwani mtambo kamili hugharimu makumi ya maelfu ya dola. Simu zenye kamera ya kupima kina, mfano iPhone X iliyotoka mwaka 2017, zimepunguza gharama hiyo mno, ingawa hukosea zaidi kwenye kingo za pua na midomo, yaani palepale daktari anapopahitaji. Kwa ufuatiliaji wa jumla zinaweza kufaa. Kwa kupanga mshono, bado.

Hospitali itakayoanza kukusanya picha zake yenyewe itakabiliwa na jambo jingine. Chupa ya damu hufichwa jina ikawa namba, lakini uso haufichiki. Mzazi anayetia saini ili mwanawe apasuliwe hajakubali kwa saini hiyohiyo picha ihifadhiwe, wala ipelekwe ng'ambo. Aulizwe mara ya pili, kwa karatasi yake.