Mashindano yasimame, somo lianze

Tuseme mapema ili asiwepo wa kudai hakutuelewa. Mashindano ya kuchora yanayoendeshwa katika shule za mtaa wa Himbi hapa Goma kwa wanafunzi wa mwaka wa saba na wa nane yasimamishwe. Hatusemi yapunguzwe wala yaboreshwe. Yasimame mpaka somo la sanaa litakapofundishwa.

Fungua buletini ya mtoto wa mwaka wa saba. Sanaa imo, ina mstari wake kama hesabu na Kifaransa, na alama zimejazwa kwa kalamu ya bluu. Zimetoka wapi? Muulize mwenye buletini. Atakuambia saa ya sanaa ilimalizia zoezi la hesabu, au mwalimu alikuwa ameitwa ofisini kwa prefe, yaani mkuu wa shule, au walinakili chungu kilichochorwa ubaoni, chungu kile kile alichokinakili dada yake miaka minne iliyopita. Mwalimu anayejaza alama za kazi ambayo haikufanyika ameghushi hati. Karani wa serikali akifanya hivyo tunapiga kelele mji mzima. Shuleni tumezoea.

Kisha asubuhi moja linaingia gari jeupe la shirika la misaada. Prefe anatangaza kwenye mstari kwamba kuna mashindano, mada ni amani, na karatasi zinatakiwa kesho kutwa. Mtoto ambaye hajawahi kuonyeshwa namna ya kukoleza kivuli anaambiwa sasa ashindane.

Mwaka uliopita mmoja wetu katika chumba hiki cha habari aliombwa kukaa kwenye meza ya waamuzi, katika shule isiyo mbali na barabara ya Sake. Waamuzi walikuwa wanne, na aliyewahi kushika brashi hakuwemo. Mwandishi wetu ni wa kwanza kukiri. Karatasi zilikuwa arobaini na kitu. Njiwa walipita thelathini. Njiwa mweupe, jani mdomoni, dunia ya bluu chini yake: njiwa wa kwenye bango lililobandikwa mlangoni na wenye mashindano wenyewe. Himbi tuna mwewe, tuna kunguru wa kifua cheupe wanaopigania mabaki sokoni. Njiwa yule na jani lake hatujamwona akitua kwenye bati la mtu.

Katikati ya njiwa hao kulikuwa na mchoro wa binti wa miaka kumi na mitatu. Ziwa, usiku. Mitumbwi mitatu ya kuvua samaki wa sambaza imefungwa pamoja, na ile miti mirefu ya nyavu imetokeza mbele na nyuma kama vipapasio vya panzi. Weusi wa maji aliupaka kwa makaa, akausugua kwa kidole gumba mpaka karatasi ikang'aa. Mwanga wa taa aliupata kwa manjano ya jikoni. Ukiinamia meza unasikia harufu ya mchuzi. Mwamuzi mmoja akamwita. "Na amani iko wapi humu, mama?" Binti akatazama vidole vyake vyeusi. "Banaimba, papa." Wavuvi wa Kivu huimba wakipiga kasia, na kila aliyelala karibu na maji amewasikia. Alipewa alama nne kwa ishirini: nje ya mada. Njiwa akawa wa kwanza. Mwandishi wetu alitia saini fomu pamoja na wenzake, na aibu hiyo tunaibeba hapa hadharani.

Jioni michoro yote iliingia kwenye bahasha ya kaki na kupanda gari. Watoto walibaki na madaftari na fulana zenye nembo.

Neno amani si adui wetu. Mji huu ulilipa neno hilo tamasha zima, Amani Festival ya Februari 2014, miezi michache baada ya vita vya waasi wa M23 vya wakati ule kumalizika. Lakini mtu mzima anayepanda jukwaani kuimba amani amelichagua neno mwenyewe. Mtoto wa mwaka wa saba ameletewa likiwa tayari, pamoja na picha yake, na amejifunza haraka kwamba anayeichora picha hiyo ndiye anayepata begi. Mwaka mwingine mada ni kipindupindu, mwingine Ebola, mwingine haki za mtoto. Kuna mwaka watoto waliambiwa wachore walichokiona vitani. Hilo tulitie alama nyekundu: kumtaka mtoto achore jinamizi lake bila mtu wa kukaa naye baada ya kuchora, kisha jinamizi hilo likaonekana kwenye kalenda ya ofisi ya mtu, ni unyang'anyi, hata kama wino wa kalenda ni mzuri.

Jambo hili limeshaandikwa. Mwaka 2016 Chérie Rivers Ndaliko alichapisha kitabu kizima, Necessary Noise, juu ya muziki na filamu za mashariki ya Kongo na namna misaada inavyoagiza sanaa kama mtu anavyoagiza mabati. Alikiandika kutokana na alichokiona Goma, akiwa karibu na kituo cha Yole!Africa kilichoasisiwa na mtengeneza filamu Petna Ndaliko Katondolo, mahali ambapo vijana wa mji huu hufundishwa kamera, ngoma na muziki kwa miezi, sio kwa kesho kutwa. Kitabu hicho kiko kwa Kiingereza, na pengine ndiyo sababu hakijaharibu usingizi wa mtu yeyote hapa.

Na wala asitokee wa kutuambia kwamba mtoto wa Kongo bila kupewa mada hana la kuchora. Mwaka 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana yake Élisabethville, Lubumbashi ya leo, akawakataza wanafunzi kuiga picha za Ulaya na kuwaambia watazame kilicho mbele yao. Alikuwa na makosa yake. Wapo wanaosema aliwafungia kwenye Afrika aliyoiota mwenyewe, na hawakosei kabisa. Lakini hakuwapa njiwa. Pilipili Mulongoy akatoka na samaki na ndege wake, Mwenze Kibwanga na mistari yake mifupi, Bela akapaka rangi kwa ncha za vidole. Miaka ya sabini, katika mji huo huo, Tshibumba Kanda Matulu alichora historia ya nchi hii kwa turubai zipatazo mia moja na kumweleza mtafiti Johannes Fabian turubai moja moja kwa Kiswahili cha Shaba. Hakuna gari jeupe lililomletea mada. Alikuwa na rangi, magunia ya unga ya kunyoosha kuwa turubai, na jambo la kusema.

Tuje kwenye matembezi, maana huko nako kumeoza. Matembezi ya sanaa ya shule zetu siku hizi ni basi la kukodi, dola kutoka kwa mzazi, bustani ya hoteli, Fanta na picha za simu. Elimu ya bure iliyoanza Septemba 2019 ilikuwa ya shule ya msingi; mtoto akifika mwaka wa saba mkono wa mzazi unarudi mfukoni, na tangu mwisho wa Januari 2025, mji ulipobadilisha mikono na benki zikafunga milango, mifuko mingi ina vumbi tu. Asiyelipa anabaki uwanjani akifagia. Anayekwenda hachukui hata penseli. Pikiniki si dhambi, ila isiandikwe kwenye ripoti kuwa sanaa.

Tena Himbi! Mtaa uliokaa ziwani na watoto wake hawalioni ziwa. Ukuta wa makoro, yale mawe ya volkano, geti, ukuta mwingine wa makoro, hoteli, geti. Mtoto anasikia mawimbi akiwa njiani kwenda masomo na hajui rangi ya maji saa moja asubuhi. Pale ambapo ufuko ungali wazi wanawake na watoto wanateka maji, madumu ya njano yanapangwa kwenye tshukudu, ile skuta ya mbao, msukuma tshukudu anaegemea usukani wake wa mbao akingojea. Ni somo la wiki tatu hilo: uzito, mwelekeo, gurudumu linavyoonekana likitazamwa kwa ubavu. Linahitaji kutembea kwa miguu na ubao wa kuandikia. Wiki ya nne waende hadi mzunguko wa sanamu ya tshukudu ya dhahabu, wamlinganishe yule aliyesimama juu na yule waliyemchora ufukoni, wamwambie mwalimu nani kati yao anasukuma mzigo kweli. Wiki ya tano wapelekwe katikati ya mji ambako lava ya Januari 2002 ilipita na kulimeza kanisa kuu la Saint-Joseph. Wenye miaka kumi na tatu walikuwa hawajazaliwa.

Tunajua kitakachojibiwa. Mwalimu hajalipwa. Darasa lina watoto kupita kiasi. Rangi zinatoka nje na uwanja wa ndege umefungwa. Mambo matatu ya kweli, na hakuna hata moja linalozuia makaa na karatasi ya katoni. Yule binti hakununua rangi. Na shule iliyokosa muda wa kufundisha kuchora imeupataje muda wa kupanga mahema, kukodi spika na kuwaweka watoto juani saa tatu wakimsubiri mgeni wa heshima?

Hasara yake haiishii kwenye karatasi. Mwisho wa mwaka wa nane mtoto anafanya TENASOSP, mtihani ambao kwa jina lake ni wa kumchagua na kumwelekeza. Aelekezwe wapi mtoto mwenye mkono wa sanaa, ikiwa hakuna aliyewahi kuuona mkono huo ukifanya kazi? Académie des Beaux-Arts iko Kinshasa, ng'ambo ya nchi. Imekuwapo tangu Frère Marc Wallenda aanzishe shule yake Gombe-Matadi mwaka 1943. Kwa mtoto wa Himbi iko mbali kama mwezi. Wenzetu wa Kenya wameliingiza somo la sanaa na michezo katika mtihani wa KJSEA, uliofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 2025 na watoto wa darasa la tisa. Mfumo wao una malalamiko yake mengi, ila ukishalipima jambo huwezi kujifanya halipo.

Basi hukumu yetu. Shule yoyote ya Himbi isiyoweza kuonyesha kazi kumi za kila mwanafunzi, zenye tarehe, isifungue geti kwa mashindano ya mtu. Itakayoweza, iweke masharti: mada ichaguliwe na darasa, meza ya waamuzi iwe na mchoraji wa mji huu anayelipwa jasho lake, na kila mtoto aelezwe kwa mdomo kwa nini amepewa alama alizopewa. Matembezi yawe ya miguu na ya wote. Maprefe wanaojaza alama za hewa wafikishwe kwa mkaguzi, na wakaguzi wanaozipitisha nao watajwe kwa kazi yao.

Na michoro irudi. Iko kwenye bahasha za kaki, juu ya makabati ya ofisi ambazo anwani zake tunazijua sote. Ni mali ya waliochora, na ambao shule zao zimevunjika au familia zao zimehama, watafutwe kama wanavyotafutwa wanapohitajika kupigwa picha. Tutaanza kuuliza kuhusu ule wa mitumbwi. Utatambulika kwa harufu.