Vitabu pekee havitamfundisha mtoto kusoma

MTOTO anayefika Gredi ya Nne bila kujua kusoma huwa amepoteza zaidi ya somo moja. Sayansi na Kilimo, hata maswali ya Hisabati, huandikwa kwa maneno, na asiyeweza kuyasoma hubaki darasani kama abiria asiyejua gari linaelekea wapi.

Tatizo hili si geni nchini. Elimu ya msingi bila malipo ilipoanzishwa mwaka 2003, zaidi ya watoto milioni moja wa ziada walimiminika shuleni. Miaka michache baadaye, tathmini za Uwezo zilifichua kuwa wanafunzi wengi wa Darasa la Tatu hawakuweza kusoma hadithi ya kiwango cha Darasa la Pili.

Itakumbukwa kwamba mwaka 2015 Wizara ya Elimu ilianza kutekeleza mpango wa Tusome katika shule za umma kote nchini, kwa ufadhili mkubwa wa shirika la Marekani la USAID. Kila mwanafunzi wa madarasa ya chini alitengewa kitabu chake cha Kiswahili na cha Kiingereza, naye mwalimu akapewa mwongozo wa kila kipindi.

Mbinu yenyewe haikuwa ya ajabu. Mwalimu husoma kwanza wanafunzi wakisikiliza, kisha husoma pamoja nao, na hatimaye huwaachia wasome wenyewe. Sauti ya herufi hutangulia silabi, nayo silabi hutangulia neno. Kwa Kiswahili njia hii ni nyoofu: mtoto aliyeimudu silabi ya kwanza ya neno “baba” hatatatizika akiikuta katika “bata”.

Hata hivyo, wapo walimu waliolalamika kwamba mwongozo wa aina hiyo huwafunga mikono. Hoja yao ina uzito. Mwalimu mzoefu anayejua ni nani amekwama na ni nani ametangulia anafaa kuachiwa nafasi ya kurudia somo au kuwagawa wanafunzi wake kwa viwango.

Lakini nguzo muhimu zaidi ya mpango huo haikuwa kitabu wala mwongozo. Ilikuwa afisa wa elimu aliyefunga safari hadi shuleni akiwa na tabuleti, akaketi nyuma ya darasa, akawasikiliza wanafunzi watatu wakisoma, kisha akashauriana na mwalimu. Ziara hiyo ndiyo iliyoonyesha iwapo mafunzo ya semina yalifika kwa mtoto.

Hapo ndipo penye wasiwasi leo. Mpango wa Tusome ulikwisha, na mwaka 2025 USAID yenyewe ikafungwa. Vitabu vinaweza kuchapishwa tena na miongozo ikanakiliwa. Ziara ya afisa huhitaji nauli na muda, gharama ambazo ni rahisi kuzifuta katika bajeti kwa kuwa hakuna atakayeandamana kuzitetea.

Serikali haina budi kuzitengea ziara hizi fedha zake yenyewe kila mwaka, na kuwapunguzia maafisa hao kazi za makaratasi ili wapate wasaa wa kufika madarasani. Nao walimu wakuu wasingoje mgeni: kumsikiliza kila mtoto wa Gredi ya Tatu akisoma aya moja kila muhula hakuhitaji mfadhili.

Wahenga walinena kuwa mtegemea cha nduguye hufa maskini. Katika suala hili, atakayerithi umaskini huo ni mtoto asiyeweza hata kuisoma methali yenyewe.